Chupa ya Dawa Iliyokwenda Barking

Woolwich, Jumapili, Novemba 2007

Mvua imenyesha tangu asubuhi, ile mvua nyembamba ya London isiyo na kishindo, ambayo mtu hutambua kwamba ameloa akiwa ameshafika. Nimerudi kutoka Barking sasa hivi. Koti langu linachuruzika juu ya kiti cha jikoni na sijalitundika, jambo ambalo ningemkemea mtu mwingine yeyote kwa kulifanya.

Nina hatia. Naliandika hilo kwanza nisije nikazungukazunguka.

Mke wangu, Mama Neema, hufanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee. Mimi nilistaafu ualimu kabla ya kumfuata huku, kwa hiyo hubaki na redio, vitabu vyangu na kompyuta hii. Wakati wa kiangazi nilisoma mtandaoni habari za watu wanaokeneka nyumbani kwao kwa kujifurahisha tu, kama wengine wanavyofuga samaki wa mapambo. Kukeneka ni kuchemsha kitu, kuupoza mvuke wake na kukusanya matone. Nikaagiza mtambo mdogo wa shaba, wenye tumbo kama birika na shingo ndefu iliyopinda. Muuzaji aliuita chombo cha kutengenezea maji ya maua na mafuta ya majani, na kwa kazi hiyo sheria haina neno.

Nilitengeneza maji ya mnanaa mara mbili. Yalinukia vizuri na hayakunisisimua hata kidogo.

Kisha nikaanza kuzitazama ndizi za sokoni hapa Woolwich, zile zilizoiva kupita kiasi ambazo muuzaji huzitoa karibu bure anapofunga meza. Mimi ni mtu wa Bukoba. Ndizi za namna hiyo hunikumbusha kitu kimoja tu: gongo, ile pombe kali ya kwetu.

Najua kwamba kukeneka pombe nyumbani bila leseni ni kosa katika nchi hii. Nililijua siku nilipozimenya ndizi zile na kuziacha zichachuke, nikalijua tena siku nilipouweka mtambo jikoni na kufunga dirisha. Mtu aliyefundisha uraia hawezi kusema hakujua.

Wala sitasema kwamba sikufurahi. Nilifurahi mno. Nilikaa kwenye kigoda mbele ya jiko nikikitazama kipimajoto kama muuguzi anayemwangalia mgonjwa. Matone ya kwanza niliyamwaga, maana hayo ni sumu. Yaliyofuata yalikuwa meupe kama machozi. Nilionja kwa ncha ya ulimi, nikasema kwa sauti, peke yangu jikoni: “Safi.”

Mimi ni mzee wa kanisa. Kila Jumamosi ninaongoza kikundi cha watu wanaojitahidi kuacha pombe. Ninakaa mbele, wao wanakaa kwa duara, na ninawaambia kwamba hakuna tone dogo.

Mama Neema aliporudi kutoka kazini asubuhi ile alisimama mlangoni akanusa.

“Baba Neema, unapika nini?”

“Dawa ya kifua,” nilisema. “Tangawizi na majani ya mkaratusi.”

“Mbona inanukia spiriti?”

“Dawa zote za kikohozi zina spiriti kidogo. Soma chupa za dukani.”

Akaniamini. Miaka yote ya ndoa yetu nimemzoesha kuniamini ninaposema jambo kwa sauti ya darasani, na leo nimejua sauti ile ina nguvu kiasi gani. Hakuishia kuniamini, alijivuna. Aliwaambia akina mama wa kanisani kwamba mume wake hakai bure, anatengeneza dawa. Nilimsikia akisema hivyo nikanyamaza.

Leo, tukitoka ibadani, nilimwona hana mfuko aliokuja nao. Nikamuuliza uko wapi.

“Nimempa Mama Sifa,” alisema. “Yona ana mafua, kifua kimembana, hata kanisani hakuja. Nimempelekea chupa ya dawa yako. Nimemwambia vijiko viwili asubuhi, viwili jioni.”

Yona, mume wa Mama Sifa, ni mtu wa Bukavu, Kongo, na wanakaa Barking. Pombe ilimharibia kazi mbili na karibu imharibie nyumba. Alipoapa kuiacha, mkono uliokuwa begani mwake ulikuwa wangu.

Nilimwambia mke wangu kwamba nimesahau kitu kanisani, nikaenda kivukoni. Uongo mwingine, tena siku ya Bwana. Jumapili vivuko ni vichache. Nilisimama kwenye mvua nikiitazama meli ikikaa ng’ambo ya Mto Thames kana kwamba haina kazi. Nilipovuka nilipanda basi, kisha basi jingine. Simu ninayo, na namba yake ninayo. Sikupiga. Nilijiambia kwamba mambo kama haya hayasemwi kwenye simu. Ukweli ni kwamba niliogopa apokee mkewe.

Yona alifungua mlango mwenyewe, amejifunga blanketi mabegani.

“Mwalimu! Karibu. Mama Sifa ameenda kazi.”

Chupa ilikuwa mezani, na kijiko kando yake. Ilikuwa imefunguliwa.

“Umekunywa?” niliuliza hata kabla sijaketi.

“Kijiko moja,” alisema. “Mafua ilifunga pua yangu, sikusikia harufu. Nilimeza. Ilipofika huku,” akagusa kifua, “ndiyo nilijua. Mwalimu, hii ni lutuku.”

Lutuku ndilo jina lao la gongo.

“Mama Sifa anajua?”

“Hapana. Alinipa, akakimbia basi. Tangu ile saa nimekaa nayo hapa. Nikitaka kuimwaga, mukono inaitaka. Basi nimekalia mikono.” Akacheka, kicheko kilichogeuka kikohozi. “Nani alitengeneza?”

“Mimi.”

“Weye?” Alinitazama toka viatu mpaka kofia. “Weye mwenye unatukataza hata bia ya harusi?”

“Mimi, Yona.”

Aliitazama chupa. “Na ni muzuri,” alisema. “Hiyo ndiyo mubaya.”

Na mimi, Mungu anisamehe, moyo wangu uliruka kwa furaha. Mtu huyu ameketi mbele yangu amekalia mikono kwa sababu yangu, nami nimefurahi kusikia kwamba kazi yangu ni nzuri. Sijawahi kujiona kwa ukaribu namna ile.

“Imwage weye,” alisema. “Mimi nitatoka.”

Akaenda kusimama kwenye baraza la ghorofani, na blanketi lake, penye baridi na mvua, mtu anayeumwa kifua. Nilimwaga yote kwenye sinki. Harufu ilipanda ikajaa jikoni. Nikafungua dirisha, nikaacha maji yatiririke, nikasugua sinki kwa sabuni, nikaosha kijiko, nikaisuuza chupa na kuitia mfukoni. Kila nilipodhani imekwisha, niliinusa tena. Sijui kama ilikuwa sinki au mikono yangu.

Nilipomwita aliingia akisimama mbali na sinki.

“Kwako imebaki ingine?”

Ningeweza kusema hapana. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni.

“Imebaki,” nilisema. “Chupa mbili.”

Akatikisa kichwa polepole, bila hasira. Hasira ingenifaa zaidi.

“Basi Jumamosi usikae mbele, Mwalimu. Ukae na sisi, useme jina yako, useme ya kwako, kama vile sisi tunasemaka.”

Siku nyingine ningemsahihisha sentensi ile kutoka mwanzo hadi mwisho. Nilimwambia: “Nitakaa.”

Alinisindikiza hadi kwenye ngazi. Nilitaka kumshika bega kama siku ile ya kiapo, nikaona sina haki. Aliniambia atamweleza Mama Sifa mwenyewe akirudi, na kwamba kijiko kile kimoja atakisema, hatakificha. Mtu mwenye mafua, aliyedanganywa, ameamua kukiri katika muda ambao mimi nilikuwa nikitafuta kofia yangu.

Nimefika nyumbani nikazimwaga zile chupa mbili. Hilo halikuwa gumu. Mtambo nao nimeuweka mezani mahali pa kuonekana, na shingo yake nimeichomoa.

Mama Neema bado amelala, anajiandaa kwa zamu ya usiku. Anadhani mume wake ametengeneza dawa. Ameigawa kwa mikono yake, kwa huruma, kwa majivuno, na mimi nimemfanya awe mtu aliyempelekea Yona pombe nyumbani kwake. Kwa Yona nimekiri kwa sababu alikuwa ameshajua. Huyu hajui.

Nasikia maji yanafunguliwa bafuni. Ameamka.

Nitamwambia kabla hajavaa viatu.