Salamu Nilizozifuta

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na shemeji, na huyo mgeni wa tumboni ambaye shemeji anasema anarusha mateke kana kwamba anadai chumba kikubwa zaidi. Miguu imepungua kuvimba? Wewe unayewakemea wajawazito wodini kila siku wapumzike, sijui nani anakukemea wewe. Huku sisi tu wazima wa mwili. Baba anakula na kulala, bega lake la kulia linamsumbua asubuhi kisha linamwachia. Mimi niko palepale chuoni, kwenye chumba cha kompyuta, nafungua mashine, napuliza vumbi, nafunga.

Utashangaa kwa nini nimeandika kwa kalamu wakati simu ninayo. Simu nimejaribu. Nimekupigia mara tatu, na mara tatu nimeishia kukuuliza kama mvua imenyesha huko. Kwa hiyo vumilia mwandiko wangu, na nakuomba uisome barua yote kabla hujanipigia. Nimekusalimia kwa kirefu makusudi, na sababu yake utaiona.

Katika ujumbe wako wa mwisho ulisema una miezi minne hujazungumza na Baba, na huna haja ya kuzungumza naye hata mtoto akizaliwa. Ulisema Mama, pamoja na kifua kile, alikaa mezani kila mchana kwa wiki tatu akirekodi hadithi kwa ajili ya mjukuu ambaye hata mimba yake ilikuwa haijatunga, na Baba akazifuta zote kumi na saba kwa kuchezea kompyuta asiyoijua. Hayo ndiyo aliyokueleza mwenyewe. Hakusema uongo, lakini hakusema yote, na yale aliyoyaacha ni yangu mimi.

Nianze na mashine. Unaikumbuka kompyuta ya mezani ya Mama, ile ambayo herufi A imefutika kabisa kwenye kibodi. Mimi ndiye niliyemwekea Linux, ule mfumo usiouzwa, unaotengenezwa na watu wengi wa kujitolea, maana mashine ilikuwa kuukuu na mifumo mingine iliielemea. Mama aliupenda. Alisema una adabu, haumkatizi. Siku alipomaliza hadithi ya mwisho aliniambia nimtolee nakala iwekwe mahali pengine. Nikamwambia wiki ijayo. Mimi, dada, ninayewahubiria wanafunzi habari za nakala mpaka wananiigiza nikigeuka, nilimwambia mama yangu wiki ijayo. Wiki iliyofuata akalazwa, na yaliyobaki unayajua.

Baada ya mazishi Baba hakuzisikiliza hata moja. Alisema ni za mjukuu, na yeye si mjukuu. Kazi yake ikawa kuiwasha mashine kila asubuhi, kuipangusa, na kuisasisha kama alivyomwona Mama akifanya. Siku moja umeme ukakatika katikati ya kusasisha. Uliporudi, skrini ikabaki nyeusi, ina maandishi meupe tu yanayouliza jina na neno la siri. Akanipigia. Nilikuwa na mashine kumi zimefunguliwa vifuniko na mkuu wa idara amenisimamia, nikamwambia kuna jukwaa mtandaoni la watumiaji wa Linux wanaoandikiana kwa Kiswahili, ajiunge kwa simu yake aulize, huko kuna waungwana na ndivyo watu wanavyojifunza. Sikumwambia kwamba mimi ni mmoja wa wasimamizi wake. Niliona haya kueleza saa ninazomalizia humo. Kisha kazi zikanizonga, nikasahau hata kwamba alipiga.

Kwenye jukwaa lile naitwa Mkavu. Jina nilipewa na wanachama kwa jinsi ninavyojibu, nami nikalivaa kama cheo. Tuna taratibu zetu. Anayeuliza ataje toleo la mfumo wake, aeleze alikuwa akifanya nini kabla ya tatizo, asirudie swali lililokwisha kujibiwa. Akifanikiwa arudi kusema, na juu ya mada aandike Imetatuliwa, ili anayekuja nyuma afaidike. Hiyo ni adabu nzuri na imewasaidia wengi. Kanuni ya tano niliiongeza mimi: hakuna salamu wala masimulizi. Nilichoshwa na watu wanaotujulia hali wote na wa nyumbani kwetu kabla ya kusema kwamba printa haichapi. Nilipoitangaza nilishangiliwa.

Mgeni wa Jana, ndivyo alivyojiita, aliingia Jumanne moja saa nne asubuhi, nikiwa kazini. Aliandika aya nne. Alitusalimu sote wakubwa kwa wadogo, akaulizia afya zetu, akaomba radhi mapema kwa kutuchosha. Nilicheka peke yangu mpaka mwanafunzi mmoja akageuka. Nikazifuta salamu. Nikafuta na aya zilizofuata bila kuzisoma, nikamwachia mstari mmoja wa kusema skrini ni nyeusi na inauliza jina. Chini yake nikaandika kwamba kwanza kabisa hapa si sebuleni, na swali lake limekwisha kujibiwa kwenye mada nyingine, aifuate hatua kwa hatua bila kuruka. Nikaweka kiungo, nikaifunga mada yake asiweze mtu kuongeza neno. Dakika mbili hazikufika.

Mada niliyompeleka ilikuwa ya mtu mwenye skrini nyeusi vilevile, lakini mashine yake ilikuwa mpya, tupu, haina kitu cha kupotea. Dawa yake ilikuwa kufuta diski nzima na kusakinisha mfumo upya. Mashine ya Mgeni wa Jana ilihitaji aandike jina, neno la siri, kisha mstari mmoja wa amri wa kumalizia kazi iliyokatizwa na umeme. Mwanachama wetu mmoja wa siku nyingi, seremala tunayemwita Nyundo, aliliona hilo. Aliniandikia pembeni kwamba alizisoma aya zile kabla sijazikata, na hazikuwa za kukatwa, basi niifungue mada ampe yule mzee mstari mmoja tu. Mwenyewe hakuweza kumfikia, maana wageni hawapokei ujumbe wa pembeni mpaka watimize siku kumi, nayo ilikuwa kanuni yangu. Nikamjibu Nyundo kwamba tukimlegezea mmoja, kesho watakuja mia. Hakuniandikia tena.

Siku tatu baadaye Mgeni wa Jana akafungua mada mpya, safari hii bila salamu. Juu aliandika Imetatuliwa. Alitaja toleo la mfumo wake, akasema amefuata hatua zote kumi na mbili kama alivyoelekezwa na msimamizi, na mashine sasa inawaka vizuri. Akaongeza kwamba vilivyokuwamo ndani havimo tena, na kwamba hasemi hivyo kwa kulalamika, ila anayekuja nyuma ajue. Akatushukuru kwa muda wetu. Nami nikamsifu mbele ya wote kwamba huyu ndiye mgeni mwenye adabu, nikaibandika mada yake juu kabisa ya jukwaa ili wengine waige. Ilikaa pale juu miezi mitatu.

Wiki ileile ndipo uliponipigia unalia kwamba Baba amekwambia ameziharibu hadithi za Mama. Nilikuunga mkono, dada, unakumbuka. Nilimpigia Baba kumuuliza alifanyaje, akasema alifuata maelekezo ambayo pengine hakuyaelewa. Nikamkaripia. Nilimwambia kwamba nakala nyingine hakuna popote, na kwamba ana mtoto fundi, kwa nini hakuniuliza mimi kwanza. Akasema ni kweli, alikosea. Hakunikumbusha kwamba aliniuliza. Nami sikwenda hata kuitazama ile diski, nilisema kilichofutwa kimefutwa.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani kumsaidia kubadilisha kitasa cha mlango wa chumbani. Nikawa natafuta bisibisi kwenye meza ya Mama, nikakuta daftari la jalada gumu. Ndani alikuwa amezinakili kanuni zote za jukwaa kwa mwandiko wake wa kiwandani, ule wa miaka thelathini ya kusahihisha vitabu vya watu kabla havijachapwa. Kila kanuni ilipigiwa mstari kwa rula. Pembeni ya kanuni ya tano aliandika kwa kalamu nyekundu: hapa nilikosea. Ukurasa uliofuata ulikuwa na hatua kumi na mbili, kila moja ina alama ya kuonyesha imefanyika. Juu kabisa aliandika jina la kuingilia, Mgeni wa Jana. Nilikaa kwenye kiti cha Mama nikiwa na bisibisi mkononi.

Jukwaa letu halitupi kitu, hata kilichokatwa hubaki kwenye kumbukumbu za wasimamizi. Nilizifungua zile aya palepale kwa simu. Katika ya pili alieleza kwamba mashine ni ya marehemu mke wake, aliyekuwa mwalimu wa watoto wadogo. Katika ya tatu alieleza kwamba humo mna sauti yake, hadithi kumi na saba, na binti yake mkubwa ambaye ni mkunga ana mimba changa. Katika ya nne aliomba, kabla ya yote, asielekezwe jambo lolote litakalogusa vilivyomo. Ningesoma sentensi mbili zaidi ningemjua baba yangu.

Nilimfuata ukumbini alikokuwa akikunja nguo. Nikamwambia Mkavu ni mimi. Hakuacha kukunja. Akasema anajua, na alijua tangu jibu la kwanza, kwa sababu hakuna mtu mwingine anayeanza na kwanza kabisa hata kama hana la pili. Miaka minane aliyakata maneno hayo kwenye insha zangu za shule. Nikamuuliza kwa nini basi hakunipigia tena. Akasema aliona nina shughuli, na hakutaka kuniumbua mbele ya wenzangu.

Nikamuuliza habari za hatua ya tisa. Hapo, dada, mashine husimama na kukuuliza kama una hakika unataka kufuta kila kitu. Nilitaka kujua kwa nini hakusita. Akasema alisita sana. Alikaa mbele ya swali lile mpaka chai yake ikapoa. Kisha akajiambia kwamba aliyemwelekeza ni mwanawe, naye anajua hadithi za mama yake zimo humu, hawezi kumpeleka mahali zitakapopotea, bila shaka anazo kwingine. Ndipo akabonyeza ndiyo.

Aligundua kwamba sinazo siku nilipomkaripia kwenye simu. Nikamuuliza kwa nini alikwambia kosa ni lake, na kwa nini ameibeba hasira yako miezi yote hii. Akasema yeye ni mzee, hasira ya binti yake ataiweza, lakini akishaondoka tutabaki wewe na mimi tu, na hataki tubaki hatusemezani. Akaniomba nisikwambie. Nimemvunjia ombi hilo leo, nalo ni jambo la kwanza jema nililofanya katika habari hii yote.

Usimamizi wa jukwaa nimeuacha. Kiti amekishika Nyundo, na siku ya kwanza aliiondoa kanuni ya tano bila kunitaja. Nilimwandikia kumwomba radhi, akanijibu kwa kunijulia hali.

Diski niliichomoa nikakaa nayo wiki tatu, nikiipitia kipande kwa kipande. Mfumo mpya ulikuwa umelala juu ya karibu kila kitu, na Baba aliendelea kuusasisha kila asubuhi kama jukwaa linavyoshauri, akizidi kufunika. Nimepata kipande kimoja cha sekunde kumi na nne. Ni mwanzo wa hadithi ya kwanza. Mama anasafisha koo, anamuuliza Baba kama kitu kimewaka, Baba anasikika kwa mbali akisema kimewaka. Kisha Mama anasema, hujambo mjukuu wangu, umeamkaje, mama yako hajambo? Kinakatikia hapo. Hadithi yenyewe haimo, ni salamu tu.

Nimekiweka kwenye kadi ndogo iliyogundishwa nyuma ya ukurasa huu, ibandue polepole. Nakala nyingine tatu ziko mahali patatu tofauti. Baba bado hajakisikia. Nilipompelekea alisema mwenyewe, yaani mjukuu, akisikilize kwanza.

Nikasirikie mimi, dada, kwa muda wowote utakaotaka, sitakuharakisha. Ila mpigie Baba. Usianze na jambo hili. Mwamkie, muulize bega limeamkaje, muulize habari za jirani na za paa. Naye atakuulizia wewe, shemeji, wa wodini na watu ambao hata huwakumbuki. Atachukua muda mrefu, usimkatize.

Msalimie sana shemeji, mwambie asikuache unyanyue ndoo. Majirani wa pande zote mbili wanakusalimu. Kitasa tulikibadilisha, mlango sasa unafunga vizuri. Huyo wa tumboni mfikishie salamu zangu, na umwambie bibi yake anamuuliza ameamkaje.

Mdogo wako,
kitindamimba wa Mama