Bolti za Mlango wa Zizi

Basotu, 6 Mei 2025

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kifua kimepoa hata kama baridi ya Nambis imeanza. Mimi sijambo. Ng'ombe wa Basotu ndio wagonjwa, na afisa mifugo wao ni mimi peke yangu. Simu huisikii tena, kwa hiyo nampa konda karatasi kama kawaida yetu.

Baba, jana moja ya zile bolti nne zinazoshika injini kwenye fremu ya pikipiki yangu ilikatika. Nilikuwa nashuka kwenda ziwani na boksi la chanjo nyuma. Nikasikia mlio, injini ikacheza, nikasimama. Ningekuwa kwenye kasi, leo ungeandikiwa na mtu mwingine.

Najua utasema nimejitakia. Tangu nihamie huku Agosti, kila mwisho wa mwezi injini inapiga kelele, narudi nyumbani, unakaza nati, nakunywa maziwa, naondoka. Machi na Aprili kazi ilinibana, hata Pasaka sikuja. Sasa niambie, nifunge bolti gani?

Mwanao,
Fabiola

Nambis, 13 Mei 2025

Mwanangu Fabiola,

Marahaba, mama. Mimi mzima, kifua kinakohoa kwa mazoea tu. Maharage yamekubali. Pasaka nilichinja jogoo, tukamla mimi na mbwa.

Usiipande hiyo pikipiki. Hata kwenda dukani usiipande.

Bolti itazame kichwani. Iwe imeandikwa 8.8 au zaidi, namba ikipanda chuma ni kigumu zaidi. Unene uleule wa spana ya kumi na nne, na urefu upite nati kidogo. Nati ziwe mpya, zile zenye plastiki ndani, hazilegezwi na mtetemo. Weka gogo chini ya injini. Toa moja, funga moja, usizitoe zote kwa pamoja. Ukimaliza, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye fremu. Siku mstari ukiachana, ujue nati imetembea.

Badilisha zote nne, si hiyo moja tu. Au ipakie kwenye gari uje nayo, nikufungie mwenyewe. Mahindi mabichi bado yapo.

Baba yako,
Margwe

Basotu, 20 Mei 2025

Baba,

Shikamoo. U mzima? Mimi mwili mzima, moyo sijui.

Nilikwenda Katesh, kwa Zulfa anayeuza vipuri. Akanionyesha bolti zenye namba, nikazishika nikaziona. Niliporudi nikajilaza chini ya pikipiki na kitambaa, nikafuta grisi kwenye zile tatu zilizobaki. Vichwa vitupu. Hakuna hata namba moja.

Baba, nikiwa darasa la tano nilikupa bolti ya namna hiyo ukanifokea mbele ya wateja. Ulisema isiyo na namba ni ya kufungia mlango wa zizi. Leo ndizo zinazoshika injini yangu, na hakuna fundi mwingine aliyewahi kuigusa. Pikipiki nilinunua mpya. Bolti zake za kiwandani zilikwenda wapi?

Sijanunua kitu. Nataka jibu lako kwanza, na usiniandikie habari za maharage.

Fabiola

Nambis, 1 Juni 2025

Mwanangu,

Marahaba. Maharage nimeyaacha. Barua hii nimeiandika mara tatu.

Bolti za kiwandani zimo kwenye bahasha hii, zote nne. Zilikuwa kwenye kopo la majani ya chai chini ya kitanda changu. Nilizitoa mwenyewe siku moja kabla hujahama, wewe umekwenda kuaga kanisani. Nikajiambia chuma laini hakikatiki, kinavutika tu. Nati zitalegea, injini itapiga kelele, na mtoto atarudi kwa baba yake akaziwe. Na ulirudi. Miezi saba ulirudi. Kwa kuwa mlio siusikii, mwisho wa mwezi nilikuwa nakaa kwenye jiwe la mlangoni, naangalia njia mpaka nione vumbi lako.

Tangu mama yako Bernadina atutoke nyumba hii imekuwa kubwa mno. Nilikuwa na hamu nawe, mwanangu, nikaona aibu kusema. Ningesema tu. Fundi wa miaka thelathini, nimekaribia kukuua kwa bolti ya zizi. Sina la kujitetea. Nisamehe ukiweza.

Baba yako,
Margwe

Nambis, 30 Juni 2025

Fabiola,

Hujambo? Konda nimemuuliza mara nne, anatikisa kichwa tu.

Sikuiti nyumbani. Sina haki hiyo. Nataka kujua kama umezifunga. Andika neno hilo moja, nilale.

Margwe, fundi

Basotu, 21 Julai 2025

Baba,

Shikamoo. Nimefunga.

Nilikasirika, ndiyo maana nilinyamaza, na sijamaliza kukasirika. Ukiniona nimenuna usiniulize sababu. Bolti zako nimezifunga mwenyewe, moja moja, gogo chini ya injini, na nati mpya za Zulfa. Mistari nimechora kwa rangi ya kucha, nyekundu. Hadi leo hakuna hata mmoja ulioachana.

Ila mwisho wa Juni ulipofika nilisimama njia ya Haydom, ile ya kuja kwako, nikaacha injini inaunguruma, nikasikiliza. Nilitafuta hata kamlio kadogo ka kulegea. Hakuna. Imetulia kabisa. Nikageuza nikarudi kazini, nikalia njia nzima. Kumbe na mimi ule ubovu nilikuwa naungoja, maana ulikuwa ndio sababu yangu ya kuja. Na mimi nilikuwa na aibu ya kusema.

Mwishoni umesaini "fundi". Mafundi Katesh wamejaa, baba. Usinifanyie hivyo tena.

Jumamosi nakuja. Pikipiki haina ubovu wowote, spana ziache kwenye kasha. Zile bolti tatu zisizo na namba ninazo mfukoni, tutafungia mlango wa zizi. Chai ya maziwa ndiyo iwe tayari. Na ukae palepale kwenye jiwe, utazame vumbi.

Mwanao,
Fabiola