Mtungi wa Mursik

Jumatatu, 3 Februari 1997

Itangazwe kwa wote wanaohusika, yaani mimi: leo saa moja asubuhi mshipi wangu umehamia rasmi tundu la mwisho. Hakukuwa na hotuba. Msumari wa kutoboa tundu jipya uko tayari.

Jua kali. Majani ya chai machache, banda la kupimia limelala kutwa. Karani asiye na majani ya kupima hupima watu kwa macho. Nimempima mke wangu. Mama Chebet amekonda. Rinda la kanisa linamning'inia. Anasema mto umepungua, anafuata maji mbali na kuyabeba mgongoni. Sijaridhika.

Alhamisi, 6 Februari

Sisimizi. Msururu mzima, chini ya mgomba nyuma ya jiko, pale tunapomwaga kopo la usiku kila asubuhi. Kopo ni moja, letu sote wawili. Choo kiko mbali na mimi si kijana.

Sisimizi hawafuati mkojo bure. Wanafuata utamu. Marehemu baba alikuwa na wageni hao hao kabla mguu wake haujaanza kuoza.

Mimi ni mzima, kitambi ni ushahidi. Basi mwenye ugonjwa wa sukari ni yeye.

Maji ya kunywa nayo yanaisha upesi hapa nyumbani. Nimekunywa vikombe sita nikilifikiria jambo hilo.

Jumapili, 9 Februari

Baada ya kanisa nimenunua sukari dukani Kiptere, imefungwa kwa ukurasa wa gazeti. Sukari nikaimwaga kwenye mkebe, ukurasa nikausoma. Wanasema dawa zingine za shambani haziishii shambani. Zinapenda mafuta. Zinaingia kwa maziwa, zinajificha kwenye mafuta ya mwili, na huenda zikauvuruga mwili usijue la kufanya na sukari. Wameandika "huenda" mara tatu. Mimi moja ingenitosha.

Nikaukumbuka mtungi wetu wa maziwa. Chai ikanipoa mkononi.

Jumatano, 12 Februari

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kusoma. Mtungi niliuleta mimi.

Kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kilipasuka mwaka juzi. Jirani yetu Arap Rono hupiga dawa ya magugu kwenye shamba kubwa la chai. Alikuwa na mtungi mtupu, plastiki nzito, kifuniko cha kubana. Ubavuni picha ya fuvu. Fuvu nikalikwangua.

Mama Chebet alinusa akasema, "Baba Chebet, hiki kitu kinanuka shamba la mzungu."

Nikamwonyesha elimu. Nikachoma kijiti cha mti wa senetwet, nikausugua mtungi ndani kwa mkaa wake, vile mama yangu alivyosugua vibuyu vyake maisha yote. Kama mkaa unatengeneza kibuyu, plastiki ni nini? Maziwa yakaganda vizuri. Mursik mtamu. Tangu hapo ni kila siku.

Nimemletea mke wangu sumu na nikaipaka mkaa. Naogopa. Chebet yuko shule ya bweni; nitamwambia nini?

Jumamosi, 15 Februari

Nimempitia Arap Rono. Tumbo lake pia limetangulia mbele. Nikamuuliza kama kwao wanatumia mitungi ile.

"Karani, sisi tunaosha mara tatu na sabuni ya unga."

"Na sisimizi je? Wanakuja mahali unapokojoa?"

Akachungulia barabarani nyuma yangu. "Nani amekutuma? Serikali ama kanisa?"

Tumeagana vibaya. Mimi namshuku, yeye ananishuku. Angalau tuko sawa.

Jumatatu, 17 Februari

Mtungi nimeuficha nyuma ya gunia la mahindi. Nimeazima kibuyu kwa dada yangu. Mama Chebet ameona, hakuuliza. Kwa nini hakuuliza?

Nikamwambia Alhamisi tunaenda hospitali Kericho.

"Kufanya nini?"

"Kupimwa sukari."

"Nani?"

"Wewe."

Amecheka mpaka akakaa chini. Mgonjwa gani anacheka hivyo? Labda sumu imefika kichwani.

Alhamisi, 20 Februari

Daktari amemdunga kidole. Sukari yake ya kawaida kabisa. Nilishasimama, kofia kichwani, nimshukuru Mungu niende zangu.

Mama Chebet hakusimama. "Daktari, pima na huyu. Huyu ndiye anamaliza maji, na usiku anaamka mara nne."

Sindano. Daktari alitazama mashine, akanitazama mimi, akarudi kwa mashine.

Sisimizi ni wangu.

Nikamweleza yote: mtungi, fuvu, mkaa. Hakucheka, na hilo ndilo lilinitisha. Akasema inaweza kuwa ni dawa, hawezi kukana wala kuapa. Inaweza kuwa kitambi. Inaweza kuwa damu ya baba. Inaweza kuwa pia vijiko vinne vya sukari kwa kila kikombe, ambavyo Mama Chebet alivitaja bila kuulizwa. Vyovyote vile, mtungi utobolewe leo. Vidonge asubuhi na jioni. Miguu niikague kila siku.

Jumapili, 23 Februari

Nimeutoboa mtungi mara saba, kwa ule msumari wa mshipi. Miguu mizima. Chai bila sukari, nimemaliza nusu.

Jioni Mama Chebet alikuwa anachambua mboga mlangoni. Nikaketi karibu. Nikamwomba msamaha kwa miaka miwili ya sumu.

"Sumu gani?"

"Ya mursik. Tumeinywa wote, na wewe ulikuwa umenionya."

Hakuinua macho kutoka kwa mboga. "Baba Chebet, mimi sikunywa."

Hata ule wa kibuyu hakunywa. Miaka kumi na minane ya ndoa namwona akimimina, na sikuwahi kutazama kikombe chake kina nini.

Mama Chebet hapendi mursik.