Mke wa Dell

Mwaisha, kaa chini kwanza.

Zuhura wetu kabeba laptop yake, kaenda dukani kwa Yogesh kutafuta betri. Ile Dell yake siku hizi ni ya kuchomekwa ukutani tu, umeme ukikatika huku Bigwa, nayo chali. Mumewe Hashimu kila siku, "Vumilia mke wangu, betri bei juu."

Yogesh akashangaa. "Shemeji, si Hashimu alichukua juzi? Alisema ya mke wake."

Ya mke wake, Mwaisha!

Zuhura akadhani kaandaliwa zawadi, akawa anachekelea. Yogesh akamtolea nyingine kama ile aliyochukua Hashimu.

Betri ya laptop ya HP.

HP, Mwaisha!!

Zuhura akaisukuma Dell yake mezani, akasema taratibu, "Huyo ni mke wa HP. Wa Dell ndiye mimi, wa kuvumilia."