Nilimwambia Tantine Amekosea Kuhesabu

Mpendwa Bi Mwatime, naomba unisaidie, na jina langu usilisome redioni kwa sababu hapa mtaani Sharpstown tunajuana. Nina miaka kumi na saba, nilianza shule kwa Kifaransa nikaendelea kwa Kiingereza, na nyumbani mimi ndiye mkalimani, hospitali mimi, barua za ofisi mimi, nangoja mtu amalize kusema yote ndipo nayafunga pamoja na kumweleza Mama kwa Kiswahili, na hivyohivyo nikamsaidia Tantine Liliane, mdogo wake Mama, aliyekuwa mhasibu Bujumbura na sasa anatandika vitanda hotelini, alipotaka kufanya mtihani wa kuingia chuo akasomee biashara. Humo kuna maswali ya hesabu yasiyotaka jibu lenyewe, unaulizwa labda Omer ana miaka mingapi, unapewa taarifa mbili, nawe useme kama ya kwanza peke yake inatosha kujua, au ya pili peke yake, au mpaka ziungane, au hata zikiungana hazitoshi. Mimi nilikuwa nasoma zote mbili halafu namtafsiria kama habari moja, ndivyo nilivyozoea, naye akazipima pamoja kila mara, na kitabu cha mazoezi kilipoonyesha amekosa nikamwambia, "Tantine, umekosea kuhesabu," naye anafuta, anaanza upya, ananiomba radhi kwa kunichosha. Mwezi uliopita alifanya mtihani akaanguka vibaya, na juzi nilisoma maelekezo polepole nikiwa peke yangu maktaba nikaona kila taarifa ilitakiwa ipimwe peke yake kwanza, na kosa ni langu. Jumapili baada ya misa aliwaambia wanakwaya, akicheka, kwamba kichwa chake kimezeeka, basi tena. Mwisho wa kujiandikisha kurudia ni Ijumaa. Nikisema, atajua nilimwacha ajione mjinga miezi minne. Nikinyamaza, si atasahau?

Mkalimani, Houston

Mkalimani, hatasahau. Mhasibu hasahau aliyemwambia hajui kuhesabu, na aliyemwambia ni wewe.

Kuchanganya taarifa mbili nakuelewa. Ulipewa kazi ya watu wazima ukiwa mtoto, na wakubwa wa nyumba hiyo nao wana lao la kujibu. Lakini kumtupia kosa wakati wewe mwenyewe hukuelewa, hapana, mwanangu. Uliona haya kusema "sijui", ukamwacha yeye ndiye aone haya.

Leo akirudi kutoka kazini, usimtume mama yako, wala usiandike ujumbe kwenye simu. Fungua swali moja alilokosa, funika taarifa ya pili kwa mkono, msomee ya kwanza tu. Kisha funika ya kwanza. Ataona mwenyewe kabla hujamaliza. Hapo mwambie hivi: "Hukukosea kuhesabu, mimi ndiye nilikufundisha vibaya." Usilie ili akubembeleze. Huenda akakununia wiki nzima, utakula naye hivyohivyo. Huenda akajiandikisha na bado akaanguka, maana anasoma akiwa amechoka. Siwezi kukuahidi kitu. Ila kurudia au kuacha, aamue akiujua ukweli, na kabla ya Ijumaa.

Ukishasema, usikimbilie chumbani. Kaa hapo mezani mpaka yeye ndiye ainuke.