Balbu Kali za Lori

Baba watoto,

Sijambo, ila situlii. Usishangae herufi kubwa; nimeshika kalamu nene ya binti yetu. Jino lake la mbele limeng'oka, sasa anacheka ovyo ili tuone pengo. Bomba la uani linavuja tena. Nimeinuka kulifunga, nimerudi kukaa, bado linadondosha maji.

Jana nilipita gereji kwa fundi umeme. Nilimwambia ulipowasha taa za lori hapa mlangoni nilisikia harufu ya plastiki inayoungua, wewe ukasema pua yangu inatafuta ugomvi. Akaguna.

"Shemeji, zile balbu kali nilimkataza, akazifunga mwenyewe. Waya za lori lile ni nyembamba, zinachemka, soketi inayeyuka. Siku moja taa zitazimika akiwa mteremkoni. Na anaokutana nao hawaoni njia."

Nikamuuliza taa za zamani zilikuwa na kasoro gani.

"Hazikuwa na kasoro. Zilimulika vizuri tu."

Nikarudi nyumbani, nikafagia sebule niliyokwisha kuifagia. Nikakumbuka unavyomimina chai pembeni ya kikombe, na mdogo wangu alivyokupungia mkono mchana kweupe, ukampita.

Dereva mwenzako akikupa barua hii, egesha lori lako, panda la kwake mrudi pamoja. Twende kwa daktari wa macho. Sitakucheka.

Kalamu nyembamba ninayo, mume wangu. Iko hapa mezani.

Mkeo