Nyasi za Mama na Waya Nyuma ya Ubao

Jumamosi, Kagoma, kijijini kwa Mama. Mvua imekatika, migomba bado inadondosha maji, na magoti yangu yamekufa.

Sababu ni Mama. Sebule yake ina sakafu nzuri ya saruji, lakini wageni wakija lazima atandike nyasi kavu, kama alivyofundishwa na bibi yake. Nilipokuja mara ya mwisho nilifunua nyasi nikakuta waya wa friji umepita chini yake, umechubuka, unatambaa hadi jikoni. Nilitaka kupiga kelele. Nikanywa chai.

Nyasi kavu juu ya waya uliochubuka. Na humu ndani analala peke yake.

Kumkataza nyasi siwezi. Ni kama kumwambia asipokee wageni.

Basi leo nimetoka Bukoba na fundi umeme. Amezima swichi kuu, akahakikisha kwa testa, tukabandua skatingi, zile mbao za chini ya ukuta. Waya mpya umepita nyuma yake ndani ya bomba la plastiki, bila kiungo hata kimoja, na soketi zimepanda juu, mbali na nyasi. Kazi yangu ilikuwa kupiga magoti kutwa nzima nikishika tochi. Hata hiyo nimesahihishwa: "Mzee, mulika ukuta, siyo macho yangu."

Nikajiona nimeokoa nyumba.

Jioni Mama akaja na nyundo. Anataka kupigilia ukingo wa mkeka wake wa wageni kwenye ubao ule ule! Nimeruka kama kijana, kiuno kikanikumbusha umri.

"Mama, humo kuna umeme!"

"Si ulisema umeuficha?"

"Ndiyo, nimeuficha."

"Sasa mimi ningejuaje, mwana wange?"

Hatari nimeificha vizuri mno, mpaka kwa yule niliyekuwa namkinga.

Fundi amechukua rangi nyekundu, akaandika UMEME kwenye kila ubao. Mama naye akaweka nyundo chini, akatandika nyasi zake, akaacha nafasi tupu ya upana wa kiganja kando ya ukuta, chumba kizima. Sikumwomba.

Jirani alipoingia, hata salamu hazijaisha, Mama akamwonya: "Pale chini usiguse. Nyuma ya ubao kuna mwanangu."

Jirani akanitazama. "Si huyu hapa?"

"Huyu ni wa kula. Wa kazi yuko kule."

Nimecheka mpaka nikashika kiuno.

Kesho kanisani kuna Chakula cha Bwana. Kupiga magoti nitaweza. Kuinuka, sijui.